Mtoto Amelazwa, Mzazi Yu Nje ya Mlango



Juma hili tuzungumze juu ya jambo linalowafika watu wengi, lakini husemwa kwa kunong'ona tu, kisimani au njiani wakati wa kurudi kutoka hospitali.

Mtoto amezaliwa. Nyumbani watu wamekwisha kuandaa vigelegele. Lakini mtoto haji. Labda amezaliwa kabla ya wakati, tena ni mdogo sana. Labda hakulia mara moja. Labda ana homa, au macho na ngozi yake vimegeuka rangi ya manjano. Wauguzi wamemchukua, wamempeleka katika chumba chao, na mlango umefungwa. Mama amebaki kitandani mikono mitupu. Baba yu nje chini ya mwembe, chupa ya uji mkononi. Bibi kijijini anauliza, "Mjukuu wangu yuko wapi?" wala hakuna anayejua la kumjibu.

Basi, tangu saa ile mzazi huanza kuwatazama wauguzi kwa macho mengine. Kila neno lao hulipima. Wakicheka, huwaza, "Wanacheka, na mwanangu yumo hatarini!" Wakinyamaza, huwaza, "Bila shaka amekwisha kufa, wananificha." Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na uchungu huo ukikosa wa kuutuliza hugeuka kuwa hasira.

Je, mzazi huyu ana kosa? Hasha. Je, muuguzi ana kosa? Mara nyingine ndiyo, mara nyingi siyo. Leo tuwasikilize wote wawili, kisha tuone mzazi afanye nini. Maana si ugomvi wa maneno tu huu: uhai wa mtoto wenyewe umo ndani yake.

WAZAZI WANASEMA NINI?

Ukikaa na wazazi waliowahi kulaziwa mtoto mchanga, utasikia kwanza shukrani. Tusiwe wasahaulifu. Wako akina mama wengi ambao hata leo, mtoto akiwa amekwisha kuingia shule, hulikumbuka jina la yule muuguzi aliyewaambia, "Njoo mama, umshike mwanao, usiogope." Wako waliompa binti yao jina la muuguzi huyo. Mzazi hasahau aliyemhurumia siku ile.

Lakini baada ya shukrani huja malalamiko, nayo kwa kawaida ni manne.

La kwanza: "Hatuambiwi kitu." Mama huona mtoto ametiwa mpira puani, naye hajui ni wa nini. Hufikiri unamnyonya damu, kumbe ni wa kumpitishia maziwa. Huona mtoto amewekwa uchi chini ya taa ya buluu, amefungwa kitambaa machoni, naye hufikiri wanampofusha. Kumbe taa ile inamwondolea umanjano, na kitambaa kinayalinda macho yake. Maneno mawili tu yangemtuliza, lakini hakuna aliyeyasema. Akimuuliza muuguzi wa asubuhi, huambiwa, "Mngoje daktari." Daktari akija, huzungumza na muuguzi kwa Kiingereza, kisha huyo, amekwenda zake.

La pili: "Tunafukuzwa kama wageni." Mama huruhusiwa kuingia saa fulani tu, na baba hana saa hata moja. Mzazi husema, "Mimi ndimi niliyemzaa, lakini naomba ruhusa kumwona kama mtu aombaye maji kwa jirani."

La tatu: "Tunasemwa vibaya." Hili huuma kuliko yote. Mama amejifungua jana, mwili unauma, maziwa hayajatoka, anaambiwa mbele ya wenzake, "Wewe mvivu, hata kukamua hujui!" Msichana aliyejifungua angali mdogo, au mama maskini aliyekuja bila nguo za kutosha za mtoto, huyo hupata maneno mengi zaidi. Akisha kuaibishwa mara moja, hataki kuuliza tena, hata lile la lazima.

La nne: "Mtoto hulia, na hakuna anayekuja." Usiku yupo muuguzi mmoja, na watoto ni wengi. Mzazi husikia kilio, hajui kama ni cha mwanawe au cha mwingine, na roho yake haitulii hata kunakucha.

Msidhani malalamiko haya ni ya kwetu tu. Huko Marekani, mwaka 1999, bingwa mmoja wa uuguzi, Bibi Margaret Miles, pamoja na wenzake walitangaza orodha ya maswali 21 ya kuwauliza wazazi ambao mtoto wao amelazwa, ili kujua kama wauguzi wamewasaidia. Maswali hayo yote yamo katika mambo manne: Je, mlielezwa habari za mtoto? Je, mlitiwa moyo? Je, mliheshimiwa kama wazazi? Je, mtoto alitunzwa vizuri? Tazameni sasa! Nchi yenye mashine za kila namna, lakini mzazi wa kule na mzazi wa kijijini kwetu wanataka vitu vile vile. Na katika mambo hayo manne, matatu hayanunuliwi kwa fedha.

MUUGUZI NAYE ANA NENO

Sasa tuingie ndani ya mlango ule, tuone yaliyomo.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimiza majuma 37 tumboni huitwa njiti. Na mtoto yeyote aliyezaliwa na uzito usiofika kilo mbili na nusu ni mdogo, anahitaji kuangaliwa zaidi. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta mwilini hana, kwa hiyo joto humtoka upesi kama chai katika kikombe kisichofunikwa. Hewa ambayo wewe waiona ya kawaida, kwake ni baridi kali. Joto la mwili wake halina budi kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, likishuka, hupungukiwa sukari katika damu, hupumua kwa shida, na aweza kufa bila hata kulia. Nguvu za kunyonya hana bado; hulishwa kidogo kidogo kwa mpira au kwa kikombe. Tena ugonjwa humwingia kwa urahisi sana, na njia yake kubwa ni mikono ya watu: mikono ya muuguzi, ya daktari, hata ya mama mwenyewe.

Haya, tufanye hesabu. Tuseme muuguzi mmoja ameachiwa watoto 15 usiku, zamu ya saa 12. Kila mtoto alishwe kila baada ya saa tatu, maana yake mara nne katika zamu hiyo. Mara nne kwa watoto 15 ni mara 60. Kila mara ichukue dakika 10 tu, bila haraka, kusudi mtoto asipaliwe. Hizo ni dakika 600, ndizo saa 10. Zinabaki saa mbili. Katika saa mbili hizo apime joto la watoto wote, atoe dawa na sindano, abadilishe nepi, aandike vitabu, ampokee mtoto mpya aletwaye kutoka chumba cha kuzalia akiwa hapumui. Je, lini atakaa nawe akueleze habari za mpira wa puani? Je, lini atakula?

Hesabu hii si ya kuwatetea wenye maneno makali. Uchovu si ruhusa ya kumtukana mzazi. Lakini ni vizuri ujue kwamba mtoto wako alipolia na hakuna aliyekuja, huenda muuguzi alikuwa anamrudishia pumzi mtoto wa mwenzako. Wataalamu waliokaa katika hospitali za Nairobi miaka hii ya karibuni, wakahesabu kazi zote alizostahili kufanyiwa kila mtoto mchanga, waliona kwamba nyingi hazikufanyika, kwa sababu muuguzi mmoja ana watoto wengi mno. Waliona pia kwamba kazi nyingine zilifanywa na akina mama wenyewe.

Na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu ya leo.

ZAMANI MLANGO ULIFUNGWA

Kwa nini wazazi walifungiwa nje? Si kwa ubaya. Zamani, kabla ya dawa nyingi za siku hizi, maradhi ya kuambukiza yaliwamaliza watoto wachanga katika hospitali. Waganga wakasema, "Wasiingie watu." Wakamweka mtoto katika sanduku la joto, wakamwondoa mama. Ikawa desturi, na desturi ikishaota mizizi ni kazi kuing'oa.

Lakini tangu zamani walikuwako walioona hatari yake. Mganga mmoja wa Paris, Pierre Budin, katika kitabu chake cha mwaka 1900, alieleza kwamba baadhi ya akina mama waliotengwa na watoto wao njiti waliacha kuwajali, wengine wakawatupa kabisa. Kwa hiyo akahimiza mama awe karibu, amnyonyeshe mwenyewe.

Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá huko Kolombia, Daktari Edgar Rey alikuwa na taabu ambayo hospitali zetu zinaijua sana. Masanduku ya joto hayakutosha, watoto walilazwa wawili watatu pamoja, maradhi yakaenea, na wazazi wengine hawakurudi kuwachukua watoto. Akafikiri, akasema: joto la mama mbona lipo? Akawapa akina mama watoto wao wawaweke kifuani, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kwa nguo. Mwenzake, Daktari Héctor Martínez, akaiendeleza kazi hiyo. Njia hii ikapewa jina la kangaruu, yule mnyama wa Australia ambaye hubeba mtoto wake katika mfuko wa tumboni.

Mwaka uliofuata, 1979, katika mji wa Tallinn huko Estonia, Daktari Adik Levin alikuwa na wauguzi wachache mno. Akafungua mlango. Akina mama wakakaa na watoto wao wagonjwa usiku na mchana, wakawatunza wenyewe, na muuguzi akawa mwalimu wao. Angalieni basi: mambo haya hayakuanza kwa utajiri. Yalianza kwa upungufu, na kwa mtu aliyekubali kwamba mzazi si mgeni.

Utasema, "Hayo ni ya mbali." La, yamefika hapa. Kuanzia mwaka 2017 hadi 2020, hospitali tano katika nchi za Ghana, Uhindi, Malawi, Nigeria na Tanzania zilifanya jaribio kubwa pamoja na Shirika la Afya Ulimwenguni. Walichukuliwa watoto zaidi ya 3,200 waliozaliwa na uzito wa kilo moja hadi pungufu kidogo ya kilo moja na gramu 800. Nusu yao walitunzwa kwa desturi ya siku zote: kwanza sanduku la joto, mpaka wapate nguvu, ndipo wapewe mama. Nusu ya pili waliwekwa kifuani mwa mama, au mtu wa nyumbani, mara tu baada ya kuzaliwa, hata kama bado wanaumwa, na mama akalazwa chumba kimoja na mtoto.

Ikawaje? Katika wale wa desturi ya zamani, katika kila watoto 100 walikufa karibu 16 kabla ya kutimiza siku 28. Katika wale waliokaa na mama, walikufa 12. Yaani vifo vilipungua kwa robo. Tofauti ilikuwa wazi hata jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2021, na mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni likatoa mwongozo kwa nchi zote: mtoto njiti au mwenye uzito mdogo aanze kukaa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kila siku, isipokuwa akiwa hawezi kupumua mwenyewe, au damu haitembei vizuri mwilini; tena watu wa nyumbani washirikishwe katika kumtunza.

Basi, mzazi anaposema, "Nimefungiwa nje," halalamiki kwa upuuzi. Anaidai dawa ya mwanawe.

SASA WEWE UFANYE NINI?

1. Uliza. Kuuliza si ujinga. Lakini chagua wakati: usimshike muuguzi aliyebeba sindano mkononi. Mngoje amalize, msalimu, useme, "Sista, samahani, mimi ni mama wa mtoto huyu. Naomba unieleze mambo manne: Anaumwa nini? Mnamtibu kwa njia gani? Leo ana nafuu au amezidiwa? Na mimi nimsaidieje?" Maswali manne tu. Muuguzi mwenye kazi nyingi hukimbia maneno marefu, lakini hayo atayajibu. Usipoelewa, usiitikie "ndiyo" kwa aibu. Sema, "Sijaelewa, nieleze tena polepole."

2. Nawa mikono. Kabla ya kumgusa mtoto, nawa kwa maji na sabuni mpaka kwenye kiwiko; vua pete na bangili. Ukiwa na mafua au kuhara, mwambie muuguzi kwanza. Anayenawa mikono bila kuambiwa hupata heshima mbele ya wauguzi, na mlango humfungukia upesi.

3. Kamua maziwa. Hii ni kazi ambayo muuguzi hawezi kukufanyia. Anza saa zile zile za kwanza, ukamue mara nane au zaidi kwa siku, usiku pia. Maziwa ya kwanza mazito ya njano, yaitwayo dang'a, wengine huyamwaga wakidhani ni machafu. Msiyamwage! Hayo ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Hata matone machache, yakinge katika kikombe safi, umpelekee muuguzi. Na nyinyi wa nyumbani, mama huyu anahitaji chakula, maji ya kunywa na moyo mtulivu. Msimletee habari za madeni.

4. Omba kumbeba kifuani. Mtoto avishwe nepi, kofia na soksi tu. Awekwe wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi, kisha mfungwe pamoja kwa kitambaa. Mama aweza kukaa, kutembea polepole, hata kulala ameinuka kidogo. Muuguzi akuonyeshe mara ya kwanza. Akisema, "Bado, mtoto hajaweza," muulize kwa upole, "Lini ataweza?" na kesho umuulize tena.

5. Baba, ingia. Wako akina baba wadhanio kwamba kazi yao ni kulipa na kungoja nje. Kifua cha baba kina joto pia! Mama akichoka, au akiwa amepasuliwa, baba au bibi aweza kumbeba mtoto kifuani. Na jambo jingine, baba: usimlaumu mkeo kwamba amezaa njiti. Wanawake wa kila namna, wa kila nchi, huzaa kabla ya wakati; duniani ni karibu mtoto mmoja katika kila kumi. Si laana, wala si ushahidi wa dhambi yoyote. Maneno ya namna hiyo humkausha mama moyo, na maziwa huwa shida kutoka.

6. Ukiwa na lawama, ipeleke mahali pake. Ukitukanwa, usijibu kwa tusi, wala usimtoroshe mtoto usiku. Wapo waliomtorosha, naye akafia njiani ndani ya basi. Mwendee kwanza muuguzi mkuu wa chumba, umwambie kwa utulivu: siku gani, saa gani, neno gani. Asipokusikiliza, mwendee muuguzi mkuu wa hospitali, ama mganga mfawidhi. Usiseme, "Wauguzi wote ni wabaya." Sema jambo lenyewe. Wala usitoe fedha ya siri ili mtoto wako aangaliwe zaidi ya wenzake: ukilipa wewe leo, kesho maskini atadaiwa asichokuwa nacho. Na ukiona wema, useme pia. Muuguzi aliyeambiwa asante mbele ya mkubwa wake hufanya kazi ya watu wawili.

7. Siku ya kuruhusiwa, usikimbilie mlango. Uliza: atanyonya mara ngapi, dawa atapewaje, tarudi lini kupima uzito. Uendelee kumbeba kifuani nyumbani. Na umrudishe hospitali mara moja, bila kungoja kesho, ukiona mojawapo ya haya: hanyonyi vizuri, ana degedege, anapumua mbio, mara 60 au zaidi kwa dakika, mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, mwili una moto sana au una baridi, hajigeuzi mpaka aguswe, au viganja na nyayo zimekuwa za manjano.

MTOTO ASIYEPONA

Hatuwezi kuzungumza haya tukawasahau wale waliorudi nyumbani bila mtoto. Watoto wengine hawaponi, ijapokuwa wametunzwa vizuri. Wazazi hao wana neno lao, na ni neno moja: namna walivyoambiwa. Mwingine aliambiwa amesimama ukumbini, watu wakipita. Mwingine aliona kitanda kitupu kabla hajaambiwa lolote. Hao hawasahau mpaka kaburini. Lakini yule aliyekalishwa kitini, akaambiwa kwa sauti ya chini, akapewa mtoto amshike, akaachiwa muda wa kulia, huyo naye hasahau, ila husema, "Walinihurumia."

Una haki ya kuomba umshike mtoto wako. Una haki ya kumpa jina, maana alikuwa mtu. Nasi Wakatoliki tusisahau: mtoto aliye katika hatari ya kufa abatizwe bila kukawia. Padre asipopatikana, mtu yeyote aweza kumbatiza, hata muuguzi, mradi atumie maji na maneno ya ubatizo mnayoyajua, kwa nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa. Kwa hiyo, siku mtoto anapolazwa, mchagulieni jina, mkamwambie muuguzi mapema, "Sisi ni Wakatoliki, hali ikibadilika, tuiteni, hata iwe usiku wa manane."

Na majirani, mkiwaona wazazi hao wamerudi, msiwaambie, "Mtapata mwingine." Hawakumlilia mwingine. Kaeni nao, watekeeni maji, wapikieni.

KWA KUMALIZIA

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mkono wa muuguzi bila wa mzazi huchoka. Mkono wa mzazi bila wa muuguzi hukosa ujuzi. Mtoto mdogo wa kilo moja na nusu anaihitaji yote miwili.

Kama katika nyumba yako yuko binti au kijana anayesomea uuguzi, au anayefanya kazi hospitalini, tafadhali akija likizo msomee ukurasa huu, hasa pale wazazi waliposema yao manne. Muulize, "Je, mwanangu, huko kwenu wazazi huambiwa? Huruhusiwa kuingia? Husemwaje?" Kisha umsikilize naye, akueleze usiku wake ulivyo. Huenda mkajifunza wote wawili.

Na wewe mama ambaye sasa hivi unasoma haya ukiwa umekaa kwenye benchi la hospitali, au unasomewa na mwenzako: simama, kanawe mikono, ukabishe mlango. Yule aliye ndani ni mwanao.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya akina bibi na uji wa mtoto: uanze lini, na uwe mzito namna gani. Kwa herini.